Waliokoholea Gizani

Kilichonitisha siku yangu ya kwanza mgodini ni ukimya. Nilikuwa nimetoka kituo cha afya cha Nyarugusu, kwa wachimbaji wadogo, ambako watu walianza kukohoa kabla jogoo hajawika. Foleni yangu kule niliijua kwa masikio: huyu kikohozi kikavu, huyu cha kohozi zito, huyu atolewe nje akakae kwenye hewa kabla hajawaambukiza wenzake. Sasa nimefika kwenye mgodi mkubwa wa kampuni, upande huohuo wa Geita. Zahanati ina vigae, feni inazunguka, benchi limejaa wanaume waliotoka chini ya ardhi asubuhi ile, vumbi bado liko kwenye kope zao. Hakuna hata mmoja aliyekohoa. Nilisimama mlangoni na mkoba wangu nikiwatazama, nao wakinitazama. Mmoja alikuwa amebana midomo, mishipa ya shingo imemsimama, machozi yanamlengalenga. Alipoona namwangalia, akatabasamu.

Daktari wa mgodi, ndiye mkuu wangu wa kwanza pale, alinipokea kwa soda. "Huku tuna watu wenye afya zao, sista," akasema. "Wote wanapimwa kabla ya kuajiriwa."

Nikamwuliza wanapimwa tena lini. Akasogea dirishani, akasema naona mvua inakuja.

Mimi ni muuguzi, jina langu Minza, ila nimeitwa sista miaka mingi kiasi kwamba hata wanangu wakitaka kunitania huniita hivyo. Nimezaliwa karibu na Mhunze, Kishapu, nikaanza kazi kwenye zahanati ya kijiji huko huko nyumbani, nikahamishiwa Nyarugusu, na nikamalizia utumishi wangu kwenye mgodi huo ambao jina lake halitatoka mdomoni mwangu. Nawaandikia ninyi vijana mnaosomea afya mahali pa kazi. Nyie mna mashine zinazotoa majibu chai haijapoa, na mna barakoa za kila aina. Hongereni. Lakini mashine haijawahi kumtoa mtu aliyejificha, na hilo ndilo nataka kuwasimulia.

Kwanza mwelewe kazi yenyewe. Fundi wa kuchoronga mwamba, yaani yule anayeshika mashine ya kutoboa matundu ya baruti, anameza vumbi siku nzima. Vumbi la mwamba wa dhahabu lina chembe kali kama kioo kilichosagwa. Likiingia kifuani halitoki, linachanachana mapafu polepole, na mapafu yaliyochanika ni nyumba isiyo na mlango: kifua kikuu kinaingia kinavyotaka. Halafu fikiria watu wa zamu moja wanavyovuta hewa moja ndani ya shimo moja. Akiugua mmoja asitibiwe, ni suala la muda tu. Ndiyo maana mwajiri anatakiwa kupuliza hewa safi kwa mafeni makubwa mpaka mwisho wa handaki, kulowesha mwamba kwa maji kabla haujachorongwa, kuwapima watu wake mara kwa mara kwa gharama yake, na akimkuta mgonjwa amwambie, amtibu, amlindie kazi yake, kisha awatafute wote waliokaa naye, pamoja na familia. Kama ugonjwa umetokana na kazi, anaripoti na fidia inatoka. Wala si hisani, ni sheria. Nilikuwa naijua kama ninavyoijua Baba Yetu.

Pale mgodini kulikuwa na sheria nyingine, ambayo hakuna aliyeiandika. Ukisikika unakohoa unapelekwa kupimwa. Ukipimwa ukakutwa na kitu, majibu yanakwenda ofisini, na wewe unaitwa kuambiwa mkataba umeisha. Gari linakupeleka mpaka stendi. Hakuna anayekuambia unaumwa nini. Kwa hiyo watu walijifunza kumeza vikohozi vyao. Jamani, kikohozi si mate! Ukikimeza leo, kesho kinarudi na ndugu zake.

Nilikaa pale muda kabla sijashuka chini. Nyarugusu mwanamke hakusogezwa karibu na duara, yaani shimo la kuchimbia, walisema dhahabu inakimbia. Huku kampuni ilikuwa na wanawake mpaka kwenye malori, lakini muuguzi kushuka kukagua hewa lilikuwa jambo geni, na Daktari alinipa ruhusa huku akitikisa kichwa. Akanikabidhi kwa msimamizi wa zamu, Msukuma mwenzangu, mtu mzima, mpana, mwenye utani mwingi. Njiani alinichekesha mpaka tukapita taa ya mwisho ya barabara ya mteremko. Kisha akanyamaza ghafla.

"Sista, hapa tunapita kimya," akanong'ona.

Tulikuwa tumefika kwenye mdomo wa handaki la zamani. Dhahabu ya mle ilikwisha, feni ikahamishwa, wakaacha ubao umesimamishwa kuzuia watu. Hewa ya mle ilikuwa imelala. Ilitutokea usoni ikiwa ya uvuguvugu, na harufu ya chuma kibichi. Chini ya ubao, juu ya jiwe, kulikuwa na ugoro, vipande vya sigara na tonge la kiporo kwenye mfuko wa nailoni. Msimamizi akachomoa kikopo chake, akaongeza ugoro kidogo.

"Unamwekea nani?"

"Hapa ni kwa Mwenyeji. Mwenye mwamba wake. Tumekuja na desturi hii kutoka kwenye maduara, wazee walitufundisha. Akikohoa, unagonga mwamba kwa heshima, unapita. Usimjibu. Ukimjibu atakushika sauti."

"Mwenyeji gani anayekohoa? Naye ana TB?"

Hakucheka. Mtu ambaye alikuwa anacheka na kila kitu, hakucheka. Akaokota kijiwe, akagonga ukutani taratibu. Na hapo kikohozi kikatoka ndani kabisa ya handaki, kirefu, kizito, kinakwaruza kama koleo kwenye changarawe, kikazunguka kuta na kutupita miguuni.

Sasa mimi nimelelewa. Mtu akikohoa, akipiga chafya, akijikwaa, mdomo wangu husema wenyewe kabla sijaushika.

"Pole," nikasema.

Maji yalidondoka mahali fulani. Kisha kutoka gizani ikaja sauti ya chini, ya mwanaume ambaye naye kwao walimlea:

"Nimeshapoa, sista."

Msimamizi wa zamu sikumwona tena. Nilisikia buti zake zikipanda mteremko na kopo lake la chakula likibingirika nyuma yake. Sitawadanganya, nilitamani kumfuata. Lakini nikajiuliza, jini gani anamwita muuguzi sista? Nikavaa barakoa yangu ngumu, nikaupita ubao, nikaingia.

Alikuwa amekaa chini ameegemea mwamba, taa yake ya kofia ameizima, kola ya ovaroli ameibana kwa meno. Nilipomulika akafunika uso.

"Zima taa, sista. Wataniona."

"Nani atakuona? Wote wamekimbia."

Jina lake Masanja, fundi wa kuchoronga, mtu wa kwetu Kishapu, na nilimtambua: ndiye yule wa siku ya kwanza aliyenitabasamia na machozi. Alikuwa amekonda, nguo inamning'inia. Kikohozi kilipokuwa kinambana alikuwa anawaaga wenzake kama anayekwenda kujisaidia, anaingia kwa Mwenyeji, anakohoa gizani mpaka kiishe, anarudi kazini. Nikamwuliza kama anatoa damu. Akasema, kidogo.

"Masanja, kwa nini hukuja kwangu?"

"Kaka yangu alikwenda kupimwa, kabla wewe hujaja. Akaambiwa mkataba umeisha. Hakuambiwa anaumwa nini. Alikohoa nyumbani kwa mama mpaka akafa. Wakaenda kwa mganga, akapiga ramli, akasema aliyemla yumo humohumo ndani na macho yake ni mekundu." Akavuta pumzi, ikamkwama. "Mama yangu anapikia samadi, sista. Macho yake ni mekundu tangu mimi sijazaliwa."

Ninyi mliokulia kwingine huenda hamuelewi alichokuwa anasema. Kwetu Kishapu miti ni michache, mwanamke anapikia mavi makavu ya ng'ombe maisha yake yote, na moshi wake unakausha macho yanabaki mekundu mpaka kaburini. Na kuna watu kwetu, Mungu awasamehe kama anaweza, wakiona bibi mwenye macho mekundu na msiba ndani ya nyumba, wanajumlisha. Nimewahi kuosha mwili wa bibi wa namna hiyo nikiwa zahanati ya kijiji. Sitaeleza.

"Wameshamsema mara moja," Masanja akaendelea. "Wazee wa ukoo wakatuliza. Nikirudi na mimi nakohoa, hawatatulizwa. Ndiyo maana sitoki. Nikifia huku, watasema mgodi. Nikifia nyumbani, watasema mama."

Nilikaa chini karibu naye, jambo ambalo muuguzi haruhusiwi, na ninyi msiige. Nikamwahidi kwamba atatibiwa palepale mgodini, kwamba hatapakiwa kwenye gari, kwamba hatarudi kwa mama yake akiwa anakohoa. Sikuwa na mamlaka hata ya kumwahidi kitanda. Lakini alisimama, akanifuata, na alipofika kwenye mwanga alitembea ameziba macho kwa mikono yote miwili.

Makohozi yake yalijaa vijidudu. Picha ya kifua sikutaka hata kuitazama mara ya pili. Nikamweka kwenye chumba cha peke yake, madirisha wazi, nikamwanzishia dawa, kisha nikaenda na Daktari kwa Meneja Mkuu.

Meneja alikuwa mtu wa Bukombe, Mkatoliki wa kusali, baba wa watoto, si katili. Hilo nalisema kwa sababu vijana mkisikia habari kama hii mnatafuta shetani mwenye pembe. Alikuwa na meza safi na sauti ya upole.

"Sista, kifua kikuu kiko kila mahali," akasema. "Kwenye basi kipo, kanisani kipo, kilabuni kipo. Nitajuaje amekipata kwangu?"

"Kwenye basi hakuna anayechoronga mwamba, Meneja."

Daktari akawa anatazama viatu vyake.

"Na wanaficha wenyewe. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua."

"Walisema. Sasa majibu ya kaka yake Masanja yalifichwa na nani? Ni Masanja aliyeyaficha? Yalifikia mlango huu yakaishia hapa." Nikasogea mpaka kwenye meza yake. "Sheria inanitaka nitoe taarifa kwa wakaguzi wa serikali. Naitoa leo. Usiponiona kesho kazini ujue nimeitoa."

Alikaa akipiga meza kwa kidole. Mwishowe akasema, "Huyo mmoja mtibu, kimyakimya, mshahara wake utakwenda. Mwenyeji wenu kapatikana, basi yaishe."

Taarifa niliitoa. Na haikuisha. Masanja akiwa bado wodini kwangu, amefungiwa, namwona kwa macho yangu asubuhi na jioni, msimamizi wa zamu akaja zahanati, uso umempauka. Akaniambia Mwenyeji amekohoa tena.

Nilimfuata Meneja ofisini nikamwambia twende wote chini. Akasema ana kikao. Nikamwambia kikao chake kiko chini. Sijui nilitoa wapi mdomo ule, labda kwa sababu nilikuwa nakaribia kustaafu. Alivaa kofia na barakoa, tukashuka mchana kweupe, ambao chini ya ardhi hauna maana yoyote.

Tulisimama kwenye ubao. Zamu ilikuwa imesimamishwa, mashine zimezimwa, na mgodi uliozimwa ni kitu cha kutisha, unausikia mwamba wenyewe ukinung'unika. Kikohozi kikaja kutoka ndani. Meneja akageuka kunitazama. Kisha kikaja kingine, si cha mtu yuleyule, kiko mbali zaidi. Kisha kingine kilichokatwa katikati, kama mtu amejiziba mdomo. Meneja akafanya ishara ya msalaba.

"Nani huko?" akaita. Akanigeukia. "Sista, kuna watu humo au hakuna?"

"Waulize wewe. Mimi wananijua. Wewe ndiye wanayekukimbia."

Alijaribu kwanza ile sauti ya ofisini. Akasema yeye ni Meneja Mkuu, kila mfanyakazi arudi kituoni kwake. Alijaribu mara nyingine, jasho linamtiririka. Halafu mabega yakamshuka, akaongea kama mtu anayeongea na watoto wake.

"Jamani, tokeni. Hewa ya humo ni mbaya. Hakuna atakayepakiwa kwenye gari. Mgonjwa atatibiwa hapa, mshahara wake unaendelea, akipona kazi yake anaikuta. Mbele ya sista nasema. Tokeni."

Mbali kabisa ndani taa ikawaka, ndogo kama kimulimuli. Kisha nyingine nyuma yake, kisha nyingine, kule ambako ningeapa handaki limekwisha. Wakaja polepole wamefuatana, nyuso nyeupe kwa vumbi, hawasemi, wakatupita mmoja mmoja huku Meneja amejibana ukutani. Wengine ndio waliokuwa wakiweka ugoro pale kwenye jiwe. Mmoja aliniambia baadaye kwamba kila alipoingia mle kukohoa alikuwa anatetemeka, maana alisikia kikohozi kingine mbele yake gizani, akajua huyo ndiye Mwenyeji wa kweli. Na yule wa mbele alikuwa akimwogopa yeye.

Baada ya hapo kazi ikawa kazi. Tulipima zamu zote, hadi wapishi na madereva. Feni ikarudishwa, maji yakavutwa mpaka mwisho wa kila handaki, wagonjwa wakawekwa mbali na wenzao mpaka walipoacha kuambukiza, na majibu ya mtu yakaanza kuwekwa mkononi mwa mtu. Wakaguzi walikuja wakauliza maswali yao. Daktari, ambaye nilikuwa nimeanza kumdharau, alifanya kazi mpaka macho yakamwiva, nami nikamwomba radhi moyoni. Zahanati yangu ikawa na kelele. Benchi zima linakohoa, raha tupu!

Ila Masanja hakufurahi. Siku moja nilimkuta amegeukia ukuta, simu iko kifuani.

"Habari imefika nyumbani kwamba nimelazwa," akasema. "Mjomba amepiga. Sungusungu wanakaa kesho, wamemwita mama. Sista, uliniahidi."

Sungusungu ni ulinzi wa jadi wa kwetu, wenye filimbi na fimbo. Wamerudisha ng'ombe wengi walioibiwa, na wamefanya na mengine. Nikaenda kwa Meneja. Akasema kwa upole kwamba anasikitika, lakini imani za kijijini si kazi ya mgodi.

"Baba," nikamwambia, sikumwita Meneja, "kaka yake ulimrudisha bila jina la ugonjwa. Mtu akifa bila jina la ugonjwa, kwetu watu hulitafuta wenyewe. Wamelitafuta, wamempata mama. Hilo deni ni la nani?"

Asubuhi yake gari lilikuwa mlangoni kwangu, naye amekaa kiti cha nyuma, amevaa suti ya kanisani. Tulipita Kahama, Kagongwa, Tinde, tukapita Shinyanga mjini. Baada ya Mhunze barabara ikawa vumbi jeupe.

Kijiji kilikuwa kimya. Watu walikuwepo, walisimama kando ya nyumba zao wakitutazama, na hakuna aliyetusalimu. Usukumani hata mwizi anasalimiwa kwanza kabla ya kukamatwa, kwa hiyo nilijua mambo yamekwishaharibika. Njia ya kwenda kwa Bibi Holo, mama yake Masanja, ilikuwa imeota majani. Majirani walikuwa wameacha kuikanyaga. Tulimkuta amekaa mlangoni, ameoga, amevaa khanga mpya, mikono mapajani kama mtu anayesubiri basi. Macho yake yalikuwa mekundu kweli.

"Shikamoo, mayu," nikasema, yaani mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Mmekuja kunichukua?"

"Tumekuja kusema neno, mayu."

"Haya," akasema, akainuka, akafunga mlango wake.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa josho la ng'ombe. Wanaume wamekaa mviringo na fimbo zao, na mtemi wa sungusungu, mtu mpole wa umri wa kati, amekaa katikati na filimbi shingoni. Bibi Holo aliketishwa chini, peke yake, na pande zake zote watu waliacha nafasi. Meneja akaongea Kiswahili, mimi nikawa natafsiri Kisukuma. Alieleza vizuri, alikuwa amejiandaa: vumbi, mapafu, vijidudu vinavyotoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Walisikiliza mpaka mwisho. Mtemi akauliza jambo moja.

"Anasema vijidudu wanavijua," nikamtafsiria Meneja. "Hapingi. Anauliza nani alivituma."

Meneja akanitazama. Upepo ulikuwa unainua vumbi la josho na kulitua. Nilimwona anatafuta neno la ofisini na halipati, na nikaogopa, maana Bibi Holo alikuwa ameshainamisha kichwa, ameandaa shingo.

"Mwambie," Meneja akasema, "mwambie ni mimi. Yule mkubwa aliugulia kazini kwangu. Nililetewa majibu, nikajua, nikanyamaza, nikampakia kwenye gari nikamleta kwa mama yake afie huku. Kama wanamtafuta aliyemtuma, si huyu mama. Ni mimi."

Nilitafsiri neno kwa neno, sikupunguza hata moja. Hakuna aliyesogea. Fimbo zilikuwa pale, filimbi ilikuwa pale, na Meneja alisimama na suti yake katikati ya watu wale. Nilidhani tutazikwa sote watatu.

Bibi Holo akainua kichwa. Akamtazama Meneja kwa muda mrefu kwa macho yale mekundu.

"Na huyu mdogo," akauliza, "anakula?"

Meneja alielewa kabla sijatafsiri. "Anakula, mama," akasema, akaanza kulia mbele za watu, mwanaume mzima.

Mtemi akanyanyuka, akamwendea Bibi Holo, akapiga goti, akamsalimu kwa Kisukuma kama kijana anavyomsalimu mama yake. Kisha watu wengine wakaanza kutusalimu, mmoja mmoja, salamu zote walizokuwa wametunyima tangu tulipofika.

Meneja hakukaa sana mgodini baada ya hapo. Kampuni haikupenda alichokisema mbele ya watu, wanasheria wao walipiga simu wiki nzima, akahamishwa. Nimesikia hana cheo kikubwa tena. Familia ya Masanja ililipwa fidia ya kaka yake, na Masanja alipona, ingawa kifua chake kina ubovu usiotibika, hawezi kupanda mlima. Yuko Mhunze, ana duka la dawa za mifugo. Mimi nilistaafu nikarudi nyumbani. Wakati mwingine naalikwa kuzungumza na vijana kama ninyi, nao huniuliza wajibu wa mwajiri unaishia wapi, kwenye geti au kwenye mkataba. Nawaambia hauishii popote mpaka yule aliyekaa mlangoni nyumbani ameambiwa ukweli, na ameambiwa na mwajiri mwenyewe.

Bibi Holo tulimzika mwaka jana. Alikuwa mzee sana, macho yake mekundu vilevile. Alikufa kwa uzee, usingizini, kitandani kwake, na kwenye msiba ule hakuna aliyeuliza ameuawa na nani.